Fundi wa Panya na Bundi wa Ghalani

Sijui alizaliwa wapi, wala ukoo wake ulitoka upande gani wa Bonde la Ufa. Katika miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akimwita kwa jina. Kazi yake ilikuwa kuua panya katika maghala ya ngano ya shamba moja kubwa kati ya Njoro na Rongai, na kwa sababu hiyo sote tulimwita Fundi wa Panya, au Fundi tu. Watoto wa kambini walimwita Mzee wa Sumu, lakini hilo walilisema akiwa ameshapita.

Nilifika pale katika miaka ya Hali ya Hatari. Wafanyakazi wengi Wakikuyu walikuwa wameondolewa mashambani kwa malori, na mtu mwenye kipande cha utambulisho kisicho na doa alipewa kazi bila kuulizwa anajua nini. Mimi sikujua mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, shule nimeiacha darasa la nne, na nilikuwa nimeshakata mkonge, nimechunga kondoo wa watu na kuosha sahani katika hoteli ya Nakuru. Ugonjwa wangu ulikuwa kuuliza. Nikishajua jambo linafanyikaje, miguu huanza kuniwasha. Hapo shambani niliwekwa kubeba magunia, kazi ambayo mtu huijua kwa asubuhi moja, na ningeondoka kabla ya mwezi kwisha kama nisingemwona Fundi ameketi juu ya debe nyuma ya ghala, akifumua kitu kilichofanana na kinyesi cha mbwa kilichokauka.

"Hicho nini, mzee?"

"Chakula cha juzi."

"Cha nani?"

Akaelekeza kidole juu, kwenye pembe ya paa, ambako bati lilikuwa limeachana na ukuta. "Cha mwenzangu."

Alikuwa na subira na mtu mjinga, ilmradi mjinga huyo asijifanye anajua. Alinieleza kwamba bundi humeza panya mzima mzima, kisha manyoya na mifupa isiyosagika huitapika kama donge. Akalivunja donge lile kwa mwiba, akatoa mafuvu madogo meupe, akayapanga juu ya gunia. "Huyu wa ghalani. Huyu wa ghalani. Huyu ametoka mtoni, tazama meno. Huyu si panya, ni fuko." Mafuvu yote yalikuwa sawa kwangu. Baada ya mwezi nilianza kuyatofautisha, na baada ya mwaka nilikuwa bado pale, jambo lililonishangaza mimi mwenyewe.

Alikula ugali kwa kijiko. Lazima niliseme hili mapema, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa shamba lile angekwambia juu yake. Mtu mzima, mwenye mvi, anakula ugali kwa kijiko kama mtoto wa Mzungu. Nyapara wetu, mwanamume mnene aliyependa kusikika, hakuchoka na utani huo.

"Fundi, leo umesahau uma na kisu."

"Leo nimesahau kukupa mkono," Fundi alimjibu. "Unautaka?"

Nyapara alirudisha mikono nyuma, na watu wakacheka. Walijua mkono ule ulikotoka. Fundi alichanganya sumu na unga wa mahindi kila wiki, na ingawa alitumia mwiko wa mti wa mutamaiyu na kunawa kwa jivu na ndimu hadi vidole vikachanika, hakuuamini mkono wake karibu na mdomo wake. Hata kanisani, watu walipopeana mikono, alitoa kiwiko.

Na bado alijivunia kazi hiyo. Ukimsikia akizungumzia chambo chake ungedhani ni pilau ya arusi. Unga uwe wa mahindi ya mwaka huu, kwa maana panya hadanganywi na unga wa zamani. Mafuta ya kondoo kidogo. Sukari guru, si sukari nyeupe. Siku tatu za kwanza usitie sumu kabisa. Waache wale, wazoee, walete jamaa zao. Siku ya nne ndiyo unaanza. Akitia sumu alitia pia rangi ya buluu, ili asije mtu mwenye njaa akauchota unga ule akaupika. "Panya ana akili ya mtu aliyewahi kufungwa," alipenda kusema. "Huwezi kumshinda kwa haraka. Mshinde kwa adabu." Mashamba ya jirani yalituma watu kuja kumwomba siri, naye aliwapa yote isipokuwa hiyo ya siku tatu.

Sumu ya zamani, alivyonisimulia, iliua panya pale pale alipokula. Ilikuwa kali, iliua na mbwa, iliua na kuku, na katika shamba la jirani iliwahi kuua mtoto. Kisha, mwanzoni mwa miaka ile ya hamsini, ikaja sumu mpya kutoka ng'ambo, katika mikebe myekundu yenye kifuniko cha kubana. Sumu hiyo ilikuwa ya taratibu. Panya alikula leo, akala kesho, akala kesho kutwa, na siku ya tano damu ikakataa kuganda ndani ya mwili wake, akavuja ndani kwa ndani hadi akaisha. Fundi aliifurahia. Watoto walikuwa salama zaidi, mbwa salama zaidi. Aliniambia kwamba kwa mwaka mzima alilala vizuri.

Lakini panya anayekufa kwa siku tano haketi shimoni. Kiu inamtoa nje. Mwendo wake ni wa mlevi, mchana kweupe, uwanjani, hamwogopi yeyote. Kila mwenye kucha na mabawa anamwona. Ule ulikuwa msimu ambao Fundi alianza kuokota ndege.

Wa kwanza, alisema, alikuwa kipanga, yule mwenye mkia mwekundu anayeketi juu ya nguzo za simu. Alimkuta chini ya nguzo, mnono, bila jeraha. Akampasua kwa kisu chake cha kuchinjia, kwa sababu naye alikuwa na ugonjwa wangu wa kuuliza, ila wake ulikuwa na mizizi. Kifua kilikuwa kimejaa damu nyembamba kama chai. Tumboni mlikuwa na panya nusu, na tumboni mwa panya mlikuwa na unga wa buluu.

"Nilikaa nayo maiti ile mpaka jua likazunguka," aliniambia. "Nikajiambia, labda aligonga waya."

Hiyo *labda* ilimtesa miaka mingi. Kila Jumamosi mchana, baada ya kazi, alifanya mzunguko wake, na mimi nikaanza kwenda naye. Tulianza na paa la ghala, walikokaa bundi wale wawili. Tukaenda kwenye mgunga mkavu kando ya mto, kwenye kiota cha mwewe. Tukapanda hadi kwenye miamba, upande ambao mlima wa Menengai unaonekana vizuri, ambako tai mmoja mkubwa alikuwa na mke wake. Kila mahali alisimama, akatazama, akaokota madonge, akahesabu waliopo na wasiokuwepo. Aliyekufa alimtoa unyoya mmoja wa bawa, akauchomeka katika nyasi za paa lake, upande wa ndani, juu ya kitanda. Nilipofika mara ya kwanza niliona manyoya machache. Nilipoondoka, ukilala chali ulikuwa unatazama bawa moja kubwa lililochanganyika rangi zote.

Mvua ya pili ya kukaa kwangu, mwewe wa mgunga hawakurudi. Tai alibaki peke yake, kisha naye hakuonekana. Panya walipungua pia, hilo ni kweli, halafu wakaongezeka kuliko mwanzo, kwa kuwa wao wanazaa kila mwezi na bundi anazaa mara moja kwa mwaka. Fundi akaongeza chambo. Aliongeza huku akijua, au huku akishuku, na sijui lipi ni baya zaidi.

"Kwa nini usikatae?" nilimuuliza siku moja mtoni.

"Nikatae halafu?"

"Mwambie Bwana."

"Nilimwambia."

Baadaye nilimsikia mwenyewe akimwambia tena. Bwana mwenye shamba alikuwa Mzungu mrefu mwenye mgongo mbovu, si mtu mkali. Alimsikiliza Fundi akiwa amesimama kando ya trekta, kofia mkononi, akautazama mzoga wa bundi tuliomletea.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili chao kile, "ndege iko mingi sana. Ngano yangu iko moja tu."

"Ndege wamekwisha, Bwana."

"Pengine ugonjwa. Kuku nakufa ugonjwa kila mwaka." Akafikiri. "Sikia. Wewe lete karatasi ya daktari. Kama karatasi nasema hii sumu naua ndege, mimi narudisha mikebe yote dukani. Sawa?"

Fundi akasema sawa. Ahadi ile aliishika kama mtu anavyoshika nguzo katika mafuriko. Tangu siku hiyo kazi yake ya kweli haikuwa tena kuua panya. Alitafuta karatasi.

Nisimfanye mtakatifu. Yeye naye aliwaogopa bundi kama tulivyowaogopa sote. Kwetu sote pale, awe Mkikuyu, Mkipsigis au Mluhya, bundi akilia juu ya nyumba mtu anahesabu jamaa zake. Siku moja jioni mmoja alitua juu ya nyumba ya Fundi mwenyewe, na nilimwona akitoka mbio na kijinga cha moto, akakirusha juu ya nyasi za paa lake bila kujali kwamba angeweza kuunguza nyumba, akitukana kwa lugha yake. Kesho yake nikamcheka.

"Bundi akilia juu ya nyumba yangu, amekuja kuniita," akanijibu bila kutabasamu. "Akilia juu ya ghala, yuko kazini. Wewe ukimkuta daktari chumbani kwako bila kumwita, hutaogopa?"

Watu nao walimwogopa kwa sababu yao. Mtu anayeshika bundi aliyekufa, anampasua, anaweka unyoya wake juu ya kitanda, wewe utamwitaje? Mke wake alikuwa amefariki kabla sijafika, na kulikuwa na waliosema kifo hicho kililetwa na bundi wake. Nadhani alikuwa ameshayasikia. Binti yake aliolewa Nakuru na hakuja kumtembelea mara nyingi.

Njia ya kwenda kwenye karatasi ilifunguka kwa bahati. Daktari wa mifugo wa serikali alikuja kuchanja ng'ombe, kijana mwekundu wa jua, akamkuta Fundi nyuma ya ghala amempasua bundi. Hakuchukia. Akachuchumaa, akatazama ile damu nyembamba, akauliza maswali ambayo mtu mwenye akili huuliza. Mwishoni akaandika anwani ya maabara moja Nairobi kwenye kipande cha karatasi. Tupeleke ndege huko kwa treni, akasema, nao wataangalia ini.

Wa kwanza tulimpeleka katika kisanduku cha mbao, amefunikwa pumba. Karani wa stesheni, Kalasinga mzee mwenye miwani, alikizungusha kisanduku kwa kidole kimoja.

"Hii natoka maji."

"Ni ndege, Karani. Wa daktari."

"Ndege gani nanuka hivi? Mimi hapana weka hii karibu na siagi ya watu. Leta kitu nafunga kabisa. Bati. Kioo. Halafu mimi nabeba mpaka Mombasa kama nataka."

Tukarudi na mzoga wetu maili sita kwa miguu. Njiani ndipo nilipopata wazo, na nililitoa kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Shamba zima halikuwa na chombo cha kufunga vizuri ila kimoja. Ile mikebe myekundu. Mitupu ilikuwa imerundikana nyuma ya ghala, kifuniko chake kinabana hata mchwa hapiti.

Fundi alisita. Hili nalikumbuka. Alisimama barabarani akalifikiria. Halafu akasema, "Tutaiosha." Na kweli tuliiosha. Aliisugua kwa mchanga, kwa magadi, kwa maji ya moto mara tatu, mpaka ndani ikang'aa kama kioo. Nje tuliiacha na karatasi yake, kwa maana ile karatasi yenye picha ya panya ilikuwa nzuri, na juu yake palikuwa na nafasi ya kuandika anwani.

Karani wa stesheni akaridhika. Kwa zaidi ya mwaka tulituma mikebe. Bundi, vipanga, mwewe mmoja, yule tai wa miambani tuliyemkuta amekufa, kanga mwitu mmoja ambaye Fundi alimtia shaka. Wale bundi wawili wa paa la ghala walikwenda hivyo, kwanza dume, kisha jike, katika mwezi mmoja. Kila tulipotuma, Fundi alinifanya niandike kwa Kiingereza changu cha darasa la nne: mahali, siku, aliyemwokota. Kisha tukangoja. Fundi aliangalia mfuko wa posta wa Bwana kwa jinsi wengine wanavyoangalia mawingu. Alipouona umewekwa barazani alipunguza mwendo, akajifanya anarekebisha kamba ya kiatu. Hakuna kitu. Akaendelea kutia chambo, kwa sababu mavuno yalikuwa yamejaa maghala na hakuna karatasi iliyomwambia aache.

Barua ilikuja wakati wa kupanda. Nyapara aliileta ikiwa imeshafunguliwa.

"Wewe msomi," akaniambia, "msomee babu yako."

Ilikuwa fupi. Niliisoma mara mbili kimya kabla ya kufungua mdomo, na Fundi alikuwa ameketi juu ya debe lake, kijiko mfukoni, akinitazama midomo. Walishukuru kwa ndege. Walisikitika kwamba hawawezi kusema lolote juu ya hata mmoja wao. Ndege wote walifika katika mikebe ya sumu ile ile inayotafutwa, kwa hiyo ikipatikana hakuna awezaye kujua kama ilitoka kwenye ini au kwenye mkebe. Kuosha hakutoshi. Kama tungependa kuendelea, watahitaji chombo cha kioo kisichowahi kuwa na sumu, ndege aliyekufa siku ile ile, na pamoja naye ndege mwingine wa aina hiyo hiyo, mzima, ambaye inajulikana hakika hakula panya wa sumu, aliyeuawa kwa ajili ya kulinganisha.

"Wote?" akauliza nilipomaliza.

"Wote."

"Na yule tai?"

"Hata yeye."

Nilingoja anilaumu. Nilitaka anilaumu. Wazo lilikuwa langu, na ningepumua kama angesema hivyo hata mara moja. Akainuka, akaichukua barua, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile. "Haya," akasema. "Wameomba mzima. Tutawapa mzima." Neno baya hakuniambia siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na nadhani ndicho kilichonifukuza pale, zaidi ya miguu yangu.

Wale bundi wawili wa ghalani, ambao jike wao alikuwa amekufa wiki ile ile, walikuwa wameacha mtoto mmoja kule juu, mpira wa manyoya meupe anayefoka kama birika. Fundi alipanda ngazi, akamshusha katika kikapu. Basi hapo kambi nzima ikapata kichekesho cha msimu. Ili alicholishwa na wazazi wake kimtoke na bundi awe safi, panya wake lazima wawe safi tangu siku hiyo. Ili panya wawe safi, Fundi aliwatega kwa waya mbali mtoni, na kwa kuwa hata hao hakuwaamini, aliwafungia katika sanduku wiki tatu, akiwalisha, kabla ya kumpa bundi.

"Mmesikia dunia ilivyogeuka?" nyapara aliwaambia watu wakati wa chakula. "Mchinja panya sasa anawakorogea uji."

"Na anawapoza kwanza," mtu mmoja akaongeza, "wasiungue ulimi."

Fundi naye alicheka, nakumbuka. Alikuwa na mtoto yule kwenye goti, anamvuta uzi wa shati. Nikamwangalia nikafikiri, mzee, huyu unamlea kwa ajili ya nini? Lakini sikumuuliza. Mimi, mtu wa maswali, hilo lilinishinda. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshapanda lori la kwenda Naivasha.

Huko nilivua samaki ziwani, nikapalilia vitunguu, nikajifunza kushona nyavu nikazichoka. Mwaka na zaidi ulipita. Nilirudi Nakuru siku moja ya Ijumaa nikitafuta kazi ya lori, nikasikia kwa mtu wa stendi kwamba Bwana wetu ameuza shamba amerudi kwao, na kwamba Fundi yuko mtaa wa Bondeni, kwa binti yake, na anafanya kazi ya panya katika maghala ya mahindi pale karibu na reli.

Nyumba za Bondeni ni za chumba kimoja kimoja, zimepangwa kama mabehewa, na sikuhitaji kuuliza mara mbili. Mlangoni pa chumba cha mwisho walisimama wanawake watatu wakigombana na mwanamke wa nne, ambaye baadaye nilijua ndiye binti. Alikuwa mchuuzi wa mboga sokoni, na kapu lake lilikuwa bado kichwani.

"Mtoto wangu ana homa siku ya tatu," mmoja alikuwa akisema. "Mnafuga kifo humo ndani, halafu mnatuamkia asubuhi kama watu."

"Mama, leo anaondoka," binti akajibu. "Baba ameapa. Leo."

Nikaingia. Fundi alikuwa amezeeka uso, si mwili. Aliponiona hakushangaa hata kidogo, alinishika kiwiko kwa kiwiko chake, akaniketisha kitandani, akasema, "Umetumwa." Kwenye pembe, ndani ya sanduku lenye waya mbele, alikuwako bundi mkubwa, uso mweupe kama kipande cha tufaha kilichokatwa, anatutazama kwa macho meusi. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili kubwa za kioo za kuwekea achari, zimeoshwa, vifuniko pembeni. Kando yake, juu ya gazeti, bundi mwingine, amekufa.

"Nimemwokota leo alfajiri, nje ya ghala," akasema. "Bado hajakauka. Mwaka mzima sijaona mwingine. Treni ya Nairobi inaondoka jioni hii. Nimezungumza na karani, anajua." Akaisogeza chupa moja karibu. "Kwa hiyo ni leo. Kesho huyu ameoza, tunaanza upya, na huyu mzima hatanisubiri milele."

"Bwana ameshaondoka, Fundi," nikamwambia. "Hiyo karatasi utampa nani?"

"Nitajipa mimi." Akaikaza kona ya gazeti kwa kidole. "Miaka yote hii nataka kujua kama ni mimi. Basi. Mtu ana haki ya kujua."

Kisha akanieleza jinsi inavyotakiwa. Kwa mkono, haraka, shingo tu, ini lisiguswe. Yeye alijaribu tangu asubuhi mara mbili, akashindwa. "Wewe ulichinja kuku wengi kambini," akasema, "na mkono wako si mzito."

Akafungua sanduku, akamtoa. Bundi hakupigana. Alimhamishia kwangu kama mtu anavyompokeza mwenzake mtoto. Sikujua kwamba ndege mkubwa kiasi kile anaweza kuwa mwepesi hivyo. Ni manyoya matupu, na ndani ya manyoya kitu kidogo chenye joto kinachodunda. Nikaweka kidole gumba pale alipoonyesha. Fundi akageuka akatazama ukuta. Binti alikuwa amesimama mlangoni, kapu kichwani, anangoja tumalize afagie.

Nilijua kwamba nikikaza, mzee huyu atapata jibu lake. Nilijua pia kwamba deni langu kwake ni hilo hilo tu. Nikahesabu moja, mbili. Mkono wangu haukukaza. Sitasema ni huruma. Huenda ilikuwa ni uzembe wangu ule ule wa siku zote, wa kuacha kila jambo kabla ya mwisho wake.

"Umemaliza?" akauliza ukutani.

"Hapana."

Akageuka. Alinitazama, akamtazama ndege, na uso wake haukuonyesha hasira wala nafuu. Akamchukua kutoka mikononi mwangu, akampita binti yake mlangoni, wanawake wakakimbia wakijifunika macho. Akanyoosha mikono. Bundi alikaa juu ya kiganja chake kwa muda, anapepesa kwa mwanga wa saa kumi, kisha akaruka, chini chini mwanzo, bila sauti. Watoto wakaokota mawe. Kunguru wawili wakamfuata wakimpigia kelele juu ya mabati ya Bondeni, juu ya soko, mpaka kwenye reli, na pale, kwenye paa refu la ghala la mahindi, akapata mwanya akaingia.

Tulisimama tukitazama ule mwanya.

"Ameingia ghalani," nikasema.

"Nimeona."

Binti yake akauliza kama sasa anaweza kufagia. Akamwambia afagie, na yule mwingine aliye mezani amfukie nyuma ya choo, kwa kina, mbwa wasimfikie. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, na akaniambia kwa sauti ile ile ambayo miaka yote aliitumia kunipa mpangilio wa kazi:

"Ghala lile natia sumu Jumatatu."